Gesi Haiishi, Huvuja: Maelezo ya Kupima na Kusawazisha Gesi ya Kiyoyozi cha Nyumbani

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, tangu Mombasa na Unguja mpaka Dar es Salaam na Mtwara, kiyoyozi si chombo cha hoteli na ofisi peke yake. Kimeingia katika nyumba za watu, na pamoja nacho umeingia ufundi mpya na maneno mapya. Miongoni mwa maneno hayo yapo mawili yanayosikika kila mara: "gesi imekwisha" na "kujaza gesi". Mwenye nyumba husema la kwanza anapoona chumba hakipoi. Fundi hujibu kwa la pili na kuleta mtungi. Fedha hulipwa, chumba hupoa, na baada ya miezi kadhaa maneno yale yale husemwa tena, na fedha hulipwa tena.

Makala haya yana makusudi mawili. La kwanza ni kueleza kazi yenyewe, yaani jinsi fundi mwangalifu apimavyo kadiri ya gesi iliyomo katika kiyoyozi na kuirekebisha ikiwa imepungua au imezidi. La pili ni kuonyesha ya kuwa maneno hayo mawili, ijapokuwa yameenea, yanauficha ukweli wa jambo, na ya kuwa kosa la lugha hapa huzaa kosa la kazi. Tutaanza na maneno, kisha tutaingia katika mtambo, na mwishowe tutarudi katika maneno.

I. Maneno yaliyopo

Neno "kiyoyozi" ni la vitabuni na la matangazo. Majumbani wengi husema "eisi". Sehemu za mtambo zina majina ya kigeni yaliyokwisha kuvaa vazi la Kiswahili: kompresa, feni, valvu, geji, paipu. Nguvu ya gesi inayosukuma ndani ya paipu huitwa "presha". Vitabu vya sayansi vina neno "kanieneo", lakini hilo husikika darasani zaidi kuliko karakanani, nami nitatumia la karakanani.

Neno lenye matata ni "gesi". Katika nyumba hiyo hiyo yenye kiyoyozi aghalabu umo mtungi wa gesi ya kupikia. Gesi ile huunguzwa. Kila chungu kinachochemshwa huipunguza, na siku moja huisha. Hapo "gesi imekwisha" ni usemi wa haki. Lakini gesi ya kiyoyozi haiunguzwi wala hailiwi. Huzunguka ndani ya paipu zilizofungwa pande zote, kama damu izungukavyo mwilini, na ikiwa hapana tundu, kadiri iliyotiwa kiwandani itakuwamo mpaka mtambo wenyewe uchakae. Mtu hapungukiwi na damu kwa sababu ameitembeza sana. Akipungukiwa, tabibu huuliza jeraha liko wapi. Vivyo hivyo kwa kiyoyozi. Kwa kuwa mitungi miwili ile hufanana kwa sura na jina, mwenye nyumba huchukua kanuni ya jikoni akaipeleka ukutani, naye haoni ajabu kuambiwa kila mwaka ya kuwa gesi imekwisha.

II. Jinsi baridi ipatikanavyo

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huhamisha joto kutoka ndani kulipeleka nje. Jambo hili lina mfano wa kale. Maji ya mtungi wa udongo huwa baridi kwa sababu mtungi hutoa jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. Kila kitu cha majimaji kinapogeuka mvuke huteka joto kwa jirani zake, na kila mvuke unapogeuka majimaji huliachilia joto lile.

Sasa, majimaji huchemka kwa joto gani? Hilo hutegemea presha. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Sentigredi pwani, lakini juu ya kilele cha Kilimanjaro, ambako hewa ni nyepesi, huchemka karibu na nyuzi 80. Presha ikipungua, kiwango cha kuchemka hushuka, ikizidi, hupanda. Gesi za viyoyozi huchemka kwa baridi kali mno zikiwa nje: ile iitwayo R-22 huchemka karibu na nyuzi 41 chini ya sifuri, nayo R-410A karibu na nyuzi 51 chini ya sifuri. Zikifungwa ndani ya paipu na kutiwa presha inayofaa, hufanywa zichemke kwa nyuzi 5 hivi katika mashine ya ndani, na zirudie umajimaji kwa nyuzi 40 na zaidi katika mashine ya nje.

Mzunguko wote una hatua nne. Kompresa huvuta mvuke kutoka ndani na kuukandamiza, hata ukawa na presha kubwa na moto mkali. Mvuke hupita katika paipu za mashine ya nje, feni huupulizia hewa, nao huacha joto lake na kuwa majimaji. Majimaji hupenya kwenye njia nyembamba sana, au valvu, ambapo presha hushuka kwa ghafula. Kisha huingia katika mashine ya ndani, huchemka, huteka joto la chumba, na kurudi kwa kompresa yakiwa mvuke. Basi msomaji ataona ya kuwa hata jina "gesi" ni nusu ya kweli, maana sehemu moja ya safari kitu hiki si gesi bali ni majimaji.

III. Kwa nini presha peke yake haitoshi

Desturi ya mafundi wengi ni kufunga geji kwenye valvu ya mashine ya nje, kusoma presha, na kutia gesi mpaka sindano ifike mahali walipozoea. Desturi hii ina upungufu mkubwa, nao huonekana upesi kwa mfano wa mtungi wa kupikia.

Mtungi uliojaa na mtungi uliobaki robo, vikiwa katika kivuli kimoja, vina presha moja. Ndani yake majimaji na mvuke hukaa pamoja, na mahali vilipo pamoja presha hufuata joto peke yake, haifuati wingi. Ndiyo sababu mama wa nyumbani hatazami presha. Huutikisa mtungi au huupima uzito. Kadhalika kiyoyozi kilichozimwa: geji itaonyesha hali ya hewa ya siku ile, wala haitasema kama ndani mna gramu 400 au gramu 800, madhali majimaji kidogo yangalimo.

Kiyoyozi kikiwa kinakwenda, presha hubadilika kwa sababu nyingi. Chujio likijaa vumbi, presha ya kuvuta hushuka, sawasawa na vile ingeshuka gesi ikipungua. Chumba kikiwa cha moto, hupanda. Paipu za nje zikizibwa na uchafu au chumvi ya bahari, presha ya upande wa kukandamiza hupanda, sawasawa na vile ingepanda gesi ikizidi. Na katika viyoyozi vya siku hizi vyenye kompresa inayobadili mwendo, presha hupanda na kushuka kwa amri ya mtambo wenyewe. Kwa hiyo anayesoma presha pekee na kutoa hukumu ni kama asomaye neno moja la sentensi akaieleza sentensi yote.

IV. Ya kutazamwa kabla ya geji

Fundi mwangalifu huanza kwa macho na mikono. Hutoa chujio na kuliosha. Huangalia kama mapezi ya mashine ya ndani yamefunikwa na utando, na kama feni zote mbili zinazunguka kwa nguvu zake. Huosha mashine ya nje kwa maji. Huangalia kama maungio ya paipu yana mafuta, maana mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na mahali panapovuja aghalabu huonekana doa la mafuta lililoshika vumbi.

Baada ya hayo huuacha mtambo ukaenda kwa dakika 15 au zaidi, kisha hupima joto la hewa inayoingia katika mashine ya ndani na la ile inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 mpaka 12 ni ya kawaida. Lakini pwani, hasa wakati wa masika, hewa ina unyevu mwingi, na sehemu kubwa ya kazi ya mtambo huishia katika kuugeuza unyevu ule kuwa maji yatiririkayo kwenye bomba la nje. Tofauti ya joto inaweza kuwa ndogo na mtambo ukawa mzima. Vyumba vingi vimesemwa kukosa gesi ambavyo havikukosa ila chujio safi.

Barafu nayo hudanganya. Paipu ikishika barafu, mtu huweza kudhani baridi imezidi. Kumbe barafu ni dalili ya gesi kupungua, au ya hewa kutopita vizuri. Zote mbili huishusha presha ya kuvuta hata kiwango cha kuchemka kikafika chini ya sifuri.

V. Joto la ziada na baridi ya ziada

Hapa ndipo kiini cha kazi. Fundi hahitaji presha peke yake, bali presha pamoja na joto la paipu, na hivyo viwili hulinganishwa. Nitaviita vipimo vyake "joto la ziada" na "baridi ya ziada".

Gesi iingiapo mashine ya ndani huchemka kwa joto moja lisilobadilika, mpaka tone la mwisho la majimaji liishe. Mvuke ulio tupu ukiendelea kupita katika paipu hupata joto juu ya lile la kuchemka. Tofauti hiyo ndiyo joto la ziada. Mathalani, mtambo wa R-410A unaonyesha presha ya kuvuta ya paundi 118 kwa inchi ya mraba. Jedwali la gesi hiyo latwambia ya kuwa kwa presha ile huchemka kwa nyuzi 4.4. Fundi akifunga kipima joto kwenye paipu nene karibu na kompresa akapata nyuzi 11, joto la ziada ni nyuzi 6.6. Mtambo wa R-22 ungeonyesha paundi 69 hivi tu kwa kiwango kile kile cha kuchemka. Ndiyo maana jedwali la gesi moja halisomwi kwa gesi nyingine.

Gesi ikipungua, majimaji huisha mapema, na sehemu kubwa ya paipu huwa na mvuke mtupu unaoota moto: joto la ziada huwa kubwa. Gesi ikizidi, majimaji hufika mpaka mwisho na pengine kuingia katika kompresa: joto la ziada hukaribia sifuri. Hilo ni la hatari, kwani kompresa imeundwa kukandamiza mvuke, na majimaji hayakandamiziki.

Baridi ya ziada hupimwa upande wa pili. Katika mashine ya nje mvuke wote ukiisha kuwa majimaji, majimaji hayo huendelea kupoa chini ya kiwango cha kugeuka. Presha ikiwa paundi 340, R-410A hugeuka majimaji kwa nyuzi 40.6, paipu nyembamba ikiwa na nyuzi 35, baridi ya ziada ni nyuzi 5.6. Gesi ikiongezwa, majimaji hujazana katika mashine ya nje na kipimo hiki hukua, ikipunguzwa, hupungua.

Vipimo viwili vikisomwa pamoja husema zaidi ya kimoja. Joto la ziada likiwa kubwa na baridi ya ziada ndogo, gesi imepungua. Vyote viwili vikiwa vikubwa, njia imeziba mahali fulani, na kuongeza gesi ni kuongeza balaa. Joto la ziada likiwa dogo na baridi ya ziada kubwa, katika mtambo wenye njia nyembamba isiyobadilika, gesi imezidi. Presha ya kuvuta ikiwa chini pamoja na joto dogo la ziada, tatizo ni hewa isiyopita, turudi kwenye chujio.

Kadhalika mitambo haipimwi kwa kanuni moja. Ule wenye njia nyembamba isiyobadilika husawazishwa kwa joto la ziada, na kadiri inayotakiwa husomwa katika jedwali la kiwanda kwa kufuata joto la nje na unyevu wa ndani. Ule wenye valvu inayojirekebisha husawazishwa kwa baridi ya ziada, maana valvu hulishika joto la ziada mahali pamoja hata gesi ikipungua kiasi.

VI. Mizani, mwamuzi wa mwisho

Mitambo midogo ya ukutani, iliyo mingi katika nyumba zetu, ina shida yake. Njia yake nyembamba kwa kawaida imo ndani ya mashine ya nje, hata paipu zote mbili ziendazo chumbani huwa za baridi. Hapo baridi ya ziada haipimiki kwa urahisi. Ongeza kompresa inayobadili mwendo, na joto la ziada nalo halina utulivu. Kwa mitambo hii hukumu ya haki ni ya mizani.

Ubavuni mwa mashine ya nje pana kibao chenye jina la gesi na uzito wake kwa gramu au kilo. Uzito huo hutosha kwa urefu fulani wa paipu uliotajwa katika kitabu cha mtambo. Paipu ikizidi, huongezwa gramu kadhaa kwa kila mita, mara nyingi 15 mpaka 20 kwa mitambo midogo. Tuseme kibao kimeandikwa gramu 700 kwa mita 5, paipu ni mita 8, na nyongeza ni gramu 20 kwa mita. Kadiri inayofaa ni 700 na 60, yaani gramu 760. Katika wingi mdogo namna hii kosa la gramu 100 si dogo.

Mtungi huwekwa juu ya mizani, gesi huingizwa, na tarakimu zikifika kazi imekwisha. R-410A, kwa kuwa ni mchanganyiko wa gesi mbili, R-32 na R-125 nusu kwa nusu kwa uzito, yapasa itolewe mtunguni ikiwa majimaji. Ikitolewa kama mvuke, ile inayochemka upesi hutangulia na mchanganyiko huharibika. Nayo huingizwa kidogo kidogo, kompresa isije ikameza majimaji.

VII. Kuziba kwanza

Ikiwa imethibitika ya kuwa gesi imepungua, swali la kwanza si "iongezwe kiasi gani?" bali "imetokea wapi?" Mara nyingi jibu ni katika nati za maungio, ambapo mdomo wa paipu ya shaba ulichanuliwa vibaya au ulikazwa kupita kiasi. Povu la sabuni hufichua tundu. Gesi iliyobaki hutolewa na kuhifadhiwa mtunguni, tundu huzibwa, kisha paipu hujazwa naitrojeni kavu na kuachwa kuona kama presha itashuka. Oksijeni haitumiki kamwe, maana ikikutana na mafuta kwa presha hulipuka.

Baada ya hapo pampu huvuta hewa na unyevu mpaka ndani pasibaki kitu. Unyevu ukibaki huharibu mafuta na kuzaa asidi inayokula kompresa polepole. Hatua hii huchukua muda, na kwa sababu mwenye nyumba haoni kinachofanyika, ndiyo irukwayo upesi kuliko zote. Mwisho wa yote gesi hutiwa kwa mizani.

Anayeongeza gesi bila kuziba tundu humtendea mwenye nyumba mambo matatu: humtoza kila mwaka, huacha kompresa iende na gesi haba, ilhali kompresa hupozwa na gesi hiyo hiyo inayoivuta, hata ikaungua, na humwaga angani kitu ambacho si cha kumwagwa.

VIII. Gesi zenyewe na mapatano ya mataifa

R-22 huila tabaka ya ozoni inayotukinga na miali mikali ya jua. Kwa Mapatano ya Montreal ya mwaka 1987, pamoja na marekebisho yaliyofuata, matumizi yake yanakomeshwa hatua kwa hatua. Nchi zinazoendelea, zikiwamo zetu, zimewekewa mwaka 2030, isipokuwa kadiri ndogo ya matengenezo. R-410A haili ozoni, lakini huongeza joto la dunia: kilo moja ikimwagwa hufanya kazi ya tani mbili na zaidi za hewa ya ukaa kwa miaka 100. R-32 ni kama thuluthi ya hiyo. Mapatano ya kupunguza gesi za namna hii yalifanyika mjini Kigali, Rwanda, mwezi Oktoba mwaka 2016, na yakaanza kutumika mwaka 2019. R-32 ina sifa nyingine ya kukumbukwa: huweza kushika moto, ingawa si kwa wepesi. Basi haifai gesi moja kutiwa katika mtambo wa nyingine, wala mbili kuchanganywa.

IX. Rai juu ya maneno

Je, tutunge jina jipya badala ya "gesi"? Sioni haja. Jina limeshika, na kosa halimo katika jina. Kosa limo katika vitenzi. "Kwisha" ni kitenzi cha kitu kinacholiwa; "kujaza" ni kitenzi cha chombo kinachosubiri kufurika. Cha kwanza humfanya mwenye nyumba asiulize tundu. Cha pili humfanya fundi asitumie mizani, kwani ajazaye hukoma chombo kinapojaa, na kiyoyozi hakijai kwa namna hiyo.

Vitenzi vinavyofaa tunavyo tayari, wala havihitaji kutungwa: gesi "imepungua" au "imevuja", fundi "huipima", "huziba", kisha "huisawazisha". Vikiingia katika vitabu vya vyuo vya ufundi na katika stakabadhi za kazi, vitabadili swali la mwenye nyumba. Badala ya kuuliza "kujaza ni bei gani?", atauliza "imevuja wapi, na umeitia gramu ngapi?" Fundi asiye na jibu la maswali hayo mawili hajaimaliza kazi yake.